Bastola Ndogo ya Bei Nafuu: Mwanasayansi Huipimaje?

Mwaka 2011, nilipokuwa nikimalizia masomo ya uzamivu katika jimbo la Ohio nchini Marekani, fundi mmoja wa maabara yetu alinijia na ombi ambalo sikulitarajia. Alikuwa mtu mzima kunizidi kwa miaka kumi na mitano hivi, na ndiye aliyenifundisha kutumia vyombo vingi vya pale. Alikuwa amehamishiwa zamu ya usiku. Kila alfajiri ilimbidi atembee peke yake hadi mahali alipoegesha gari lake, na katika njia hiyo wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuporwa. Basi alikuwa amenunua bastola ndogo inayojipakia yenyewe, kwa bei isiyofika dola 300, na alikuwa na kibali cha kubeba silaha kilichotakiwa na sheria za jimbo hilo wakati huo. Alitaka bastola hiyo ifanye kazi mbili: mazoezi ya shabaha siku za Jumamosi, na ulinzi wa kiunoni usiku.

"Ndugu yangu, wewe ni mtu wa fizikia," aliniambia. "Nisaidie kujua kama chombo hiki kinaaminika."

Sikuwahi kushika bastola kabla ya siku hiyo. Hata hivyo swali lake lilikuwa swali la kisayansi, nalo ni lile lile ambalo mhandisi hujiuliza juu ya pampu ya kisima na daktari juu ya kipimo cha malaria: chombo kimefanya kazi leo, je, tuna haki gani ya kusema kwamba kitafanya kazi kesho? Katika makala haya nitaeleza jinsi tulivyolijibu. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba nia si kumshawishi msomaji kumiliki silaha. Nchini Tanzania jambo hilo lina sheria yake, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo haimruhusu mtu kuwa na silaha bila leseni. Nia ni kuonyesha namna ya kupima kitu ambacho kosa lake laweza kugharimu uhai.

Yanayotokea ndani ya mtutu

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa cha risasi kilichokaza mdomoni. Bastola ya fundi wetu ilitumia risasi ya milimita 9 kwa 19, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo leo hutumiwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi. Kifyatulio kikivutwa, pini hugonga fataki. Fataki huwasha baruti. Baruti hugeuka gesi ya moto, na gesi hiyo hukisukuma kichwa mbele. Tangu baruti ishike moto mpaka kichwa kitoke mtutuni, hupita muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kanieneo ya gesi hiyo ni kubwa mno. Kikomo kilichowekwa kwa risasi ya aina hii na tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha ndogo, ambayo chanzo chake ni mkutano wa Liège, Ubelgiji, wa mwaka 1914, ni megapaskali 235. Hiyo ni zaidi ya mara 2,300 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Eneo la duara lenye kipenyo cha milimita 9 ni milimita za mraba 63.6. Mwanafunzi akizidisha atapata kani ya karibu niutoni 15,000, yaani uzito wa mzigo wa tani moja na nusu, ukibanwa nyuma ya kichwa chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Ndiyo maana nchi zilizo katika tume hiyo huitaka kila bastola ijaribiwe kwa risasi yenye kanieneo iliyozidi kikomo kwa asilimia 30 kabla haijauzwa. Bei nafuu si hoja ya kulikwepa jaribio hilo.

Sasa tutazame jinsi inavyojipakia. Juu ya bastola kuna kipande kizito cha chuma tutakachokiita kitelezi. Risasi inapolipuka, mtutu na kitelezi huwa vimeshikana, na hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kisha kitako cha mtutu huinama na kuachana na kitelezi. Wakati huo kichwa cha risasi kimekwisha kutoka na kanieneo imeshuka. Kitelezi huendelea kurudi peke yake, huku kikilichomoa ganda tupu na kulitupa nje. Springi hukisukuma tena mbele, nacho huichukua risasi mpya kutoka magazini, yaani lile kasha la risasi lililomo ndani ya mpini, na kuiingiza mtutuni. Mbinu hii ya mtutu unaoinama ilitokana na kazi ya John Moses Browning, Mmarekani aliyefariki Ubelgiji mwaka 1926, na mpaka leo bastola nyingi za kipimo hiki huifuata. Hatukuona dosari katika mbinu yenyewe; swali letu lilihusu chombo kimoja tu kilichokuwa mezani.

Wepesi una gharama yake

Fundi aliichagua bastola ile kwa sababu ilikuwa nyepesi na fupi. Tuliipima ikiwa imejaa risasi 12, tukapata masi ya kilogramu 0.75. Kichwa cha risasi kilikuwa na masi ya gramu 7.45. Kasi yake tuliipima kwa chombo chenye macho mawili ya kuhisi kivuli, yaliyowekwa umbali wa sentimita 60. Kichwa kilipita baina ya macho hayo kwa milisekunde 1.8 hivi, na kwa hiyo kasi yake ilikuwa karibu mita 330 kwa sekunde.

Kanuni ya hifadhi ya momenta hutuambia mengine. Momenta ya kichwa ni 0.00745 × 330, yaani takriban 2.46. Tukiiacha gesi, ambayo huongeza kidogo tu, bastola nayo lazima ipate momenta hiyo hiyo kuelekea nyuma. Gawanya kwa 0.75, utaona kwamba bastola huuanza mwendo wa kurudi mkononi kwa kasi ya karibu mita 3.3 kwa sekunde, ikiwa na nishati mwendo ya jouli 4. Bastola kubwa ya kilogramu 1.1 ikifyatua risasi ile ile hupata jouli 2.75 tu. Kwa hiyo bastola iliyo nyepesi hupiga teke kali zaidi, kwa kipeo cha karibu moja na nusu. Na tukumbuke kwamba kichwa cha risasi hubeba jouli 400 na zaidi. Momenta ni sawa pande zote mbili, lakini nishati hazilingani hata kidogo. Mwalimu wa kidato cha tatu hatapata mfano ulio wazi kuliko huu wa kutofautisha mambo hayo mawili.

Ufupi nao una matokeo yake. Kitelezi kifupi husafiri njia fupi, hivyo springi yake huhitaji kuwa ngumu, na magazini hupata muda mdogo wa kuiinua risasi inayofuata. Tena kitelezi hurudi vizuri iwapo mwili wa bastola umeshikwa imara. Kiwiko na kifundo cha mkono vikilegea, mwili wa bastola hurudi pamoja na kitelezi, kitelezi hakifiki mwisho wa njia yake, na ganda tupu hukwama mlangoni. Bastola kubwa huvumilia mkono mlegevu, lakini ndogo haiuvumilii. Mtu anayetazamia kuitumia akiwa amechoka, ana hofu, na pengine kwa mkono mmoja, hana budi kulifikiri jambo hili kabla ya kutazama bei.

Usahihi wa shabaha

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha uliokuwa nje ya mji. Kabla ya lolote, msimamizi alitukaririsha sharti zake: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Tulivaa miwani na vizuia sauti, kwa kuwa mlio wa bastola hupita desibeli 140, nao waweza kuudhuru usikivu kwa mlio mmoja tu. Tulipoondoka tulinawa mikono kwa sabuni, maana moshi wa risasi una vumbi la risasi yenyewe, nayo ni sumu.

Fundi alifyatua risasi 5 kwenye karatasi iliyokuwa mita 15, mikono ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga. Matundu mawili yaliyoachana zaidi yalikuwa na umbali wa sentimita 6. Alifurahi. Alipofyatua nyingine 5 kwenye karatasi ile ile, umbali huo ukawa sentimita 9. Je, bastola ilikuwa imeharibika? La. Umbali baina ya matundu mawili yaliyoachana zaidi hauwezi kupungua unapoongeza risasi. Ama hubaki ulivyo, ama hukua. Ni kosa la kawaida kulinganisha kundi la risasi 5 la bastola moja na kundi la risasi 10 la nyingine. Kipimo bora ni kutafuta kitovu cha matundu yote, kisha kupata wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho. Hapo kila risasi huwa na sauti yake, badala ya mbili tu zilizo mbovu kuliko zote.

Jambo jingine ni urefu baina ya alama ya kulengea ya mbele na ile ya nyuma. Kwenye bastola hii ulikuwa milimita 130. Kwenye bastola kubwa tuliyoiazima palepale ulikuwa milimita 165. Jicho likikosea kuzipanga alama hizo kwa nusu milimita, pembetatu zinazofanana hutuonyesha kwamba kosa kwenye mita 15 litakuwa karibu milimita 58 kwa bastola fupi, na milimita 45 kwa ndefu. Basi sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita "ubovu wa bastola ndogo" ni jiometri tu. Kwa mazoezi ya shabaha kasoro hiyo si mbaya. Kwa hakika humfunza mtu uangalifu.

Je, haitakwama?

Hapa ndipo palipokuwa na kiini cha swali. Siku ile ya kwanza bastola ilifyatua risasi 100 bila kukwama hata mara moja. Fundi aliifuta mafuta, akaniambia, "Imefaulu. Nadhani sasa naweza kuibeba." Nilimwomba anipe karatasi na kalamu.

Tuchukue bastola ya kufikirika iliyo mbovu, ambayo kwa wastani hukwama mara 3 katika risasi 100. Uwezekano wa kufyatua risasi moja salama ni 0.97. Uwezekano wa kufyatua risasi 100 mfululizo bila kukwama ni 0.97 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100, nao ni takriban 0.05. Maana yake ni kwamba katika bastola mbovu 20 za namna hiyo, moja hivi itaupita mtihani wetu kwa bahati tu, na mwenye nayo atarudi nyumbani akiisifu. Kutokana na hesabu hii wanatakwimu wana kanuni nyepesi: ukifanya majaribio n bila kosa hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha kosa hakizidi 3 gawanya kwa n. Majaribio 100 hukuhakikishia asilimia 3. Majaribio 300 hukuhakikishia asilimia 1.

Huenda msomaji akadhani kwamba asilimia 3 ni kidogo. Tazama magazini ya risasi 12. Bastola inayokwama mara 3 katika 100 ina uwezekano wa takriban 3 katika 10 wa kukwama angalau mara moja kabla magazini moja haijaisha. Hata ile ya asilimia 1 ina uwezekano wa karibu asilimia 11. Kwenye uwanja wa shabaha, bastola ikikwama mtu huinua mkono, huvuta kitelezi, na kuendelea. Gizani, mbele ya mtu mwenye kisu, hakuna wa kuinuliwa mkono. Chombo ni kile kile, lakini gharama ya kosa si ile ile. Na kipimo cha kutosheka lazima kitokane na gharama ya kosa.

Wenye mamlaka nao wameliwazia suala hili. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1999 inayotaka bastola tatu za kila aina zijaribiwe kabla aina hiyo haijaruhusiwa kuuzwa. Kila moja hufyatua risasi 600. 20 za kwanza zipite bila kasoro, na kasoro zote zisizidi 6. Hiyo ni asilimia 1. Tuikumbuke tarakimu hiyo.

Risasi za mazoezi na risasi za kubeba

Jumamosi iliyofuata tulirudi na risasi 200. Kati ya hizo, 150 zilikuwa za mazoezi, zenye kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba. Nyingine 50 zilikuwa za aina aliyokusudia kuibeba usiku, zenye kichwa kilichokatwa ncha na kuachwa na shimo katikati. Kichwa cha namna hiyo hutanuka kikigonga mwili, hivyo uwezekano wa kupenya na kumdhuru mtu aliye nyuma hupungua. Ndiyo sababu walinzi wengi wa Marekani hukitumia.

Risasi 150 za mviringo zilipita zote. Katika zile 50 za shimo, tatu zilikwama. Kila mara ilikuwa vivyo hivyo: ukingo wa kichwa uligota kwenye mteremko wa kuingilia mtutuni, na kitelezi kikasimama nusu ya njia.

Fundi alifanya hesabu yake haraka. Risasi zote kwa siku mbili zilikuwa 300. Zilizokwama zilikuwa 3. Basi ni asilimia 1, kiwango kile kile cha California. Ilikuwa hesabu sahihi, na ilikuwa hukumu yenye makosa. Alikuwa amechanganya makundi mawili yasiyo ya aina moja. Kundi la kwanza lilikuwa na risasi 250 bila kosa, na kikomo chake ni asilimia 1.2. Kundi la pili lilikuwa na makosa 3 katika 50, yaani asilimia 6. Kwa kiwango hicho, magazini moja ya risasi 12 ina uwezekano unaozidi nusu wa kukwama angalau mara moja. Ukitia kikombe cha maji ya chumvi katika ndoo ya maji baridi, hutaionja chumvi. Lakini atakayekunywa kikombe ataionja. Na usiku, fundi wetu hangebeba ndoo. Angebeba kikombe.

Katika yote niliyojifunza kwenye jaribio hili, hilo ndilo ninalowarudia wanafunzi wangu mara kwa mara. Sampuli haina budi kufanana na hali ambayo hukumu itatumika. Alikuwa ameipima bastola kwa risasi za mchana ili aiamini kwa risasi za usiku.

Tena kuna suala la bei. Risasi 50 za mazoezi zilimgharimu dola 12 hivi. Zile za shimo zilikuwa karibu dola moja kila moja. Ili aweze kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba aina nyingine ya risasi za shimo haikwami zaidi ya mara 1 katika 100, angehitaji risasi 300 zisizo na kosa, yaani dola 300 hivi, nazo ni zaidi ya bei ya bastola yenyewe. Aliitazama hesabu hiyo kimya kwa kitambo. Bastola ilikuwa rahisi kununua, lakini ushahidi wa kuiamini haukuwa rahisi.

Ikianguka je?

Silaha inayobebwa huanguka: mkanda hulegea, ala huchanika, mtu hujikwaa. Kitu kikidondoka kutoka urefu wa mita 1.2 hufika chini kwa kasi ya karibu mita 4.9 kwa sekunde. Sakafu hukisimamisha ghafla, lakini vipande vya ndani vilivyo huru, kwa sababu ya inesha, hutaka kuendelea na safari. Pini ikiendelea mbele, yaweza kuigonga fataki. Kifyatulio chenyewe kikiwa kizito, chaweza kujivuta bila kidole. Kwa hiyo bastola nyingi za leo zina kizuizi kinachoishika pini mpaka kifyatulio kivutwe kabisa, na sheria ya California niliyoitaja hutaka bastola iangushwe juu ya saruji kutoka mita moja na sentimita moja, katika mikao sita.

Hata hivyo mtihani hujibu yale tu uliyouliza. Mwaka 2017 ilidhihirika kwamba bastola ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer yaweza kulipuka ikianguka kwa pembe fulani ya mshazari. Kampuni ilieleza kwamba bastola hiyo ilikuwa imetimiza viwango vya Marekani, na mwezi Agosti mwaka huo ikatangaza mpango wa hiari wa kuirekebisha, pamoja na kuipa kifyatulio chepesi zaidi. Mwanafunzi wa fizikia atafahamu mara moja sababu ya wepesi huo: masi ikipungua, kani ya inesha nayo hupungua. Na atafahamu pia kwamba viwango viliuliza juu ya mikao kadhaa, na pembe iliyoleta matata haikuwa mojawapo.

Sisi hatukuiangusha bastola ya fundi. Jaribio la namna hiyo lataka mahali maalumu na watu waliofunzwa. Tuliridhika kuona, kwa kufuata kitabu cha maelekezo huku silaha ikiwa tupu, kwamba kizuizi cha pini kilikuwapo na kilifanya kazi. Kani ya kuvuta kifyatulio tuliipima kwa mizani ya springi, tukapata niutoni 25.

Chombo na nyumba yake

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomnyamazisha. Niutoni 25 ni uzito wa kilo mbili na nusu za sukari. Alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyeweza kubeba mfuko wa namna hiyo kutoka dukani, kwa mikono yake miwili. Springi ya kifyatulio haijui umri wa mkono unaoivuta.

Tangu wakati ule utafiti umeongezeka. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima wapatao milioni 26 wa California, uliohusu miaka ya 2004 hadi 2016. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na hatari ya kujiua kwa silaha ya moto iliyokuwa karibu mara 8 ya ile ya wanaume wasiomiliki. Kwa wanawake ilikuwa zaidi ya mara 35. Mwanafunzi makini atauliza: je, bastola ndiyo iliyoleta hatari, au waliokuwa hatarini ndio walionunua bastola? Ni swali la haki, na watafiti wenyewe walilijali. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa kupita kiasi mara baada ya ununuzi, lakini zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka mmoja kupita. Kwa vyovyote vile, anayepima silaha ya ulinzi akaihesabu hatari ya barabarani peke yake, akaiacha ya chumbani, hajamaliza hesabu.

Hukumu na zoezi la darasani

Tuliandika matokeo yetu kwenye ukurasa mmoja. Kwa mazoezi ya shabaha: bastola inafaa, usahihi wake unatosha, risasi za mviringo hazikukwama, teke lake linavumilika kwa mtu aliyefunzwa. Kwa kubebwa: haijathibitika, kwa aina ya risasi tuliyoijaribu haifai. Fundi alinunua sanduku la chuma lenye kufuli, akaifungia bastola humo, na ufunguo ukakaa shingoni mwake. Kuhusu zile alfajiri, alikwenda kwa msimamizi wake, na baada ya majadiliano wafanyakazi wa zamu ya usiku wakapangiwa kutoka pamoja, watu watano kwa wakati mmoja. Mpaka naondoka Ohio walikuwa wakitoka hivyo.

Mwalimu anayependa kulifundisha somo hili hahitaji silaha. Anahitaji viberiti. Wape wanafunzi viberiti vya aina mbili, au vya aina moja ambavyo baadhi yake vilikaa kabatini na baadhi vililala mahali penye unyevu. Kila kikundi kiwashe njiti 50, mojamoja, juu ya sinia la mchanga, huku mwalimu akisimamia, na kiandike ngapi zimewaka na ngapi zimekataa. Kisha waulizwe maswali matatu. Kwanza, kikundi ambacho njiti zake zote 50 zimewaka kina haki ya kudai kiwango gani cha kosa? Pili, tukijumlisha njiti kavu na zile za unyevunyevu, ni nini kitakachofichika? Tatu, kama kiberiti hicho kingekuwa cha pekee katika kambi ya porini wakati wa masika, ni njiti ngapi ungetaka kuzijaribu kabla ya kukiamini, na ungebakiwa na ngapi za kuwasha moto?

Swali hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Kikundi kitakachotoa jibu kiliandike pamoja na hesabu yake ubaoni, ili wenzao waipinge au waikubali.